Resto ya babekyu yenye inafunga Jumamosi: hesabu ya nyama, ya siku na ya imani



Leo ninaleta jambo lenye linaonekana kuwa mbali na sisi: nyama ya kuchoma ya Wayahudi wa Marekani. Musicheke kwanza. Mimi nilifanya agronomi, na kila mara ninaposikia biashara ya chakula yenye watu wengi wanaingojea kwa hamu na wengine wengi wanasema itakufa, ninataka kufungua hesabu yake na kuona ndani kuko nini. Hii ya leo iko kati ya hesabu ngumu zaidi nilizowahi kuangalia.

Kisa njo hiki. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anaishi Dallas, ku Texas, tangu familia yao ilipotoka katika kambi ya wakimbizi. Anafanya kazi katika depo ya bidhaa, usiku, siku tano kwa juma. Majuzi akanitumia sauti kwa WhatsApp: "Yaya, huku kwetu banafungua resto mupya ya babekyu. Banasema iko kasheri. Banatafuta batu ba kuchunga moto usiku, na franga yao inapita kidogo ile ya depo. Lakini batu banabishana sana. Bamoja banasema bamengojea kitu ya vile miaka na miaka, bengine banasema haitamaliza mwaka. Hiyo kasheri ni nini? Na niache depo ao nisiache?"

Yeye njo anayelipa nyumba ya mama yake. Kwa hiyo sikutaka kumujibu "ngoja tuone". Nilisoma, nikaulizauliza, nikapiga hesabu. Ninawapa hapa kile nilichomwambia, juu ninaona kinatusaidia na sisi.

1. Kasheri ni nini hasa

Neno ni la Kiebrania, kasher, maana yake "yenye kufaa". Waamerika wanaandika kosher. Watu wengi wanafikiri ni nyama yenye rabi ameiombea. Hapana. Hakuna maombi yenye yanaweza kugeuza nguruwe kuwa kasheri. Ni mulolongo wa sheria, kutoka zizini mpaka kwenye sahani, na sheria moja ikivunjika katikati, zile zingine zote hazisaidii tena.

Ya kwanza tunaijua, zaidi sana wenzetu Waadventista: Mambo ya Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14. Nyama wa nchi kavu lazima awe na kwato iliyopasuka na tena acheue. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wanapita. Nguruwe ana kwato iliyopasuka lakini hacheui, basi anabaki inje.

Ya pili ni kuchinja. Muchinjaji, wanamwita shoheti, ni mutu aliyesomea kazi hiyo na mwenye anajulikana kwa kushika dini. Kisu chake hakina pengo hata dogo. Anakipitisha kwenye ukucha ili kuhakikisha. Anakata koo kwa mwendo wa haraka, bila kukandamiza.

Ya tatu ni kuchunguza mapafu. Hapa wale wa veterineri wananielewa mara moja. Mapafu yakiwa na tundu, ao yakiwa yameshikamana vibaya na mbavu, nyama inaweza kukataliwa hata kama kuchinja kulifanyika vizuri kabisa. Neno glatt lenye linaonekana kwenye vibao vya resto hizo linatoka ku Kiyidishi, maana yake ni "laini", ni kusema mapafu laini. Ng'ombe aliyekataliwa hatupwi, anaenda kwenye soko la kawaida. Lakini mushahara wa shoheti, wa wachunguzi, na muda wote uliopita pale, vinabebwa na nyama yenye ilikubaliwa.

Ya nne ni damu. Sheria inakataza kula damu, kwa hiyo nyama inalowekwa ndani ya maji nusu saa, inawekwa chumvi saa moja kwenye ubao wenye damu inaweza kutiririka, halafu inaoshwa. Kazi hiyo haitakiwi kuchelewa kupita saa 72 baada ya kuchinja. Njo maana Waamerika wanaita chumvi ya punje kubwa "chumvi ya kosher": ni ile yenye ilikuwa inatumiwa kutoa damu.

Ya tano ni sehemu za mwili. Kuko mafuta ya ndani, karibu na figo na tumbo, yenye hayaliwi. Na kuko mushipa mukubwa wa paja, kwa kukumbuka Yakobo alipoumia nyonga wakati aliposhindana usiku, Mwanzo 32. Kuitoa mishipa na mafuta hayo yote ku sehemu ya nyuma ya ng'ombe ni kazi ya mafundi na inakula masaa. Ku Marekani karibu wote wanakata njia fupi: wanauza sehemu ya nyuma kwenye soko la kawaida, wanabaki na ya mbele.

Ya sita: nyama na maziwa havikutani. Si ndani ya sufuria, si kwenye meza, si ndani ya tumbo kwa saa kadhaa. Vyombo vyenyewe viko tofauti.

2. Bahati ya kifua

Sasa mwenye kusoma vizuri ananiuliza: kama sehemu ya nyuma inaenda, file na paja vinaenda, babekyu itafanywa na nini?

Hapa njo jambo lenye lilinifurahisha kama agronome. Mufalme wa babekyu ya Texas ni kifua cha ng'ombe, na kifua kiko mbele. Mbavu fupi ziko mbele. Bega liko mbele. Ng'ombe ana mbavu jozi 13, na ku Marekani wanakata mwili kati ya mbavu ya 12 na ya 13. Vyote wachomaji wa Texas wanavyoheshimu vinaangukia upande unaoruhusiwa. Ku majimbo mengine ya kusini babekyu ni nguruwe, mabega yake na mbavu zake, na huko resto ya kasheri ingeanza ikiwa imekatwa miguu. Lakini Texas ni inchi ya ng'ombe. Mwishoni mwa karne ya 19, wachinjaji Wajerumani na Wacheki waliohamia katikati ya Texas walikuwa wanatia moshi nyama yenye haikuuzika, na wachomaji weusi wa kusini walikuwa na ujuzi wao wa moto wa polepole tangu zamani. Wayahudi nao walikuwa wanapika kifua kwa siku zao kuu tangu Ulaya, juu ilikuwa nyama ya bei ya chini.

Kwa nini bei ya chini? Angalieni ng'ombe akisimama. Hana mufupa wa mtulinga kama sisi. Uzito wa mbele unashikwa na misuli ya kifua. Misuli yenye kufanya kazi siku nzima inajaa kolajeni, na kolajeni ni ngumu sawa vile kamba ya kiatu. Ukichoma kifua haraka sawa vile tunavyochoma mishikaki, utatafuna mpaka kesho. Lakini ukikiweka kwenye moshi wa digrii 110 ao 120 kwa saa 10 mpaka 14, kolajeni inageuka jelatini, na nyama inalainika mpaka inakatika kwa uma. Katikati ya kupika kuko kipindi moto wa ndani unasimama karibu na digrii 70 kwa saa nyingi, haupandi. Wageni wanafikiri moto umekufa. Hapana, ni maji yenye yanatoka ku nyama na kuipoza, sawa vile jasho linavyotupoza. Muchomaji lazima angojee.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza la Dallas, "inawezekana kweli kufanya babekyu ya haki bila nguruwe?", ni ndiyo, tena bila kulazimisha.

Na si maneno ya karatasi tu. Chicago ilipata resto moja, Milt's Barbecue for the Perplexed, yenye ilifunguliwa mwaka 2013. Jina lake linachezea jina la kitabu cha mwanafalsafa Maimonides wa karne ya 12, na faida yake ilipangwa kwenda kwa kazi za huruma. Brooklyn, ku kartie ya Crown Heights, Izzy's ilianza mwaka 2015 na ikaleta kifua cha namna ya Texas kwa Wayahudi wa New York. Memphis, muji wa nguruwe ya kuchoma, sinagogi moja inafanya shindano la babekyu ya kasheri kwa zaidi ya miaka 30 sasa. Pale wenye shindano wenyewe wanatoa nyama, viungo na majiko, ili hakuna mutu alete kitu chenye hakijulikani.

3. Sasa hesabu ya franga

Hapa njo mashaka yanapoanza kuwa na haki.

Tuchukue mufano, si bei ya soko, ni hesabu tu ya kujifunza. Tuseme resto inanunua kifua cha kasheri kilo 10, kila kilo dola 20. Ni dola 200. Muchomaji anatoa mafuta ya ziada, anapika usiku mzima, maji na mafuta vinatoka. Kifua kinaweza kupoteza theluthi moja mpaka karibu nusu ya uzito wake. Tuseme zinabaki kilo 5 na nusu. Gawanya 200 kwa 5.5: kila kilo yenye kuingia kwenye sahani imekula dola 36 ya nyama peke yake. Bado kuni, bado nyumba, bado mushahara, bado musimamizi wa kasheri. Resto ya kawaida ya jirani inanunua nyama yenye haikupitia shoheti, chumvi wala uchunguzi wa mapafu, kwa bei ya chini zaidi, halafu inauza pembeni mbavu za nguruwe zenye hazina gharama kubwa. Kliyenti anaona bei mbili kwenye vibao viwili, na hajui yote hayo. Anasema tu: "Hawa ni wezi."

Hesabu ya pili ni ya siku. Mwenye resto Muyahudi mwenye kushika sheria anafunga Ijumaa kabla ya jua kuzama, anafungua Jumamosi usiku nyota zikionekana, ao Jumapili. Ni kusema jioni 52 za Ijumaa na Jumamosi 52 kwa mwaka zimeenda. Kwa resto yoyote ya Marekani, hizo njo siku za mavuno. Ongeza siku kuu: mwaka mupya wa Kiyahudi siku mbili, siku ya toba, siku za vibanda. Pasaka yao inje ya Israeli ni siku nane, na siku hizo mukate wenye chachu na vyote vya ngano yenye kuumuka haviruhusiwi ndani ya nyumba. Resto nyingi zinafunga tu.

Halafu kuko kitu chenye wengi hawakijui. Kila mwaka, kati ya mwezi wa saba na wa nane, kuko siku tisa za kuomboleza Hekalu la Yerusalemu lililoharibiwa. Wayahudi wengi wenye asili ya Ulaya, katika siku hizo, hawali nyama wala hawanywi divai, isipokuwa Sabato. Na mwezi wa saba ku Marekani ni katikati ya kiangazi, wakati inchi nzima inachoma nyama. Resto ya babekyu ya kasheri inakosa kliyenti wake wa kweli katika majuma yenyewe ya babekyu.

Hesabu ya tatu ni ya watu. Utafiti wa Pew wa mwaka 2020 ulihesabu Wayahudi wa Marekani kuwa karibu milioni 7.5, na katika watu wazima kati yao ni asilimia 17 tu walisema wanashika kasheri nyumbani. Wale waliobaki wanaweza kuja, ndiyo, lakini wanaweza kwenda popote pengine pia. Kwa hiyo resto inasimama juu ya watu wachache wenye hawana pa kwenda, na inalazimika kuvuta wengine kwa utamu: Wayahudi wasioshika sana, Waislamu kadhaa wenye kukubali nyama ya kasheri, na watu wa kawaida wenye kupenda babekyu.

Hapo utaelewa ile hamu pia. Mutu mwenye kushika kasheri amezaliwa Texas, amekua akisikia harufu ya moshi kila kona, majirani wanasifu kifua cha fulani na cha fulani, na yeye hajawahi kuketi na watoto wake kwenye meza moja ya babekyu. Anapita na gari, dirisha wazi, na anaenda kula kuku nyumbani. Fikirieni mutu wa Lubumbashi mwenye kunusa michopo kila jioni tangu utoto bila kuonja hata mara moja.

4. Nani anasema ni kasheri?

Hili njo shaka lenye linaweza kuua resto kwa siku moja.

Kliyenti haoni kuchinja, haoni mapafu, haoni chumvi. Anaona nyama nyeusi ya moshi juu ya karatasi. Lazima aamini mutu. Njo maana kuko mashirika ya setifika. Kubwa lao, lenye alama ya herufi U ndani ya duara, lilianza kazi hiyo mwaka 1923. Ndani ya resto kuko musimamizi, wanamwita mashgiah. Yeye anapokea nyama na kuangalia mihuri, anachunguza mboga za majani kama hazina wadudu, na kwa kawaida yeye njo anawasha moto, juu sheria inataka Muyahudi awe na mukono katika kupika. Mosi wa pili akichochea kuni usiku kucha, hakuna neno, mradi moto uliwashwa na yule anayestahili.

Anaangalia hata vitu vidogo vyenye sisi hatungefikiria. Siagi ndani ya mukate wa mahindi: hapana, ni maziwa. Makaroni ya jibini yenye kila resto ya babekyu inauza: hapana. Siki ya divai: lazima iwe na setifika yake. Sosi nyeusi ya Worcestershire: mara nyingi ina samaki wadogo ndani yake, na desturi inakataza kuchanganya samaki na nyama. Jiko la moshi lenye lilinunuliwa kwa mutu aliyekuwa anachoma nguruwe: lazima lichomwe mpaka chuma kiwe chekundu, ao linunuliwe jipya.

Watu hawabishani bure juu ya jina la mwenye kutoa setifika. Mwaka 2006, ku Monsey, jimbo la New York, muuzaji mmoja wa nyama mwenye kuheshimiwa na jamii yake aligunduliwa akiuza kuku wasio kasheri ndani ya karatasi za kasheri. Familia nyingi sana zililazimika kuchemsha sufuria na kusafisha jikoni nzima, siku chache kabla ya mwaka wao mupya. Munaweza kuwaza uchungu: umeshika sheria maisha yako yote, halafu mutu uliyemusalimia kila juma amekulisha kile ulichokikimbia.

Serikali haiwezi kusaidia sana. New York ilikuwa na sheria ya kuazibu udanganyifu wa kasheri tangu 1915, lakini mwaka 2002 mahakama ya rufaa ilisimamia uamuzi wa kuiondoa, juu ilikuwa inalazimisha serikali kuchagua ni tafsiri ya nani ya dini iliyo sawa. Sheria mupya ya 2004 inadai kitu kingine: muuzaji aonyeshe wazi ni nani amemutolea setifika, kliyenti achague mwenyewe. Mimi naona ni njia ya akili. Serikali haisemi "hii ni safi". Inasema "usifiche jina la mwenye kuisimamia".

Na setifika yenyewe ina mipaka yake. Mwaka 2008, tarehe 12 mwezi wa tano, polisi ya uhamiaji iliingia katika kiwanda cha nyama ku Postville, jimbo la Iowa, chenye kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya nyama ya kasheri ku Marekani, ikakamata wafanyakazi 389, wengi wao watu wa Guatemala. Nyama ya kasheri ikapungua kwenye soko. Wayahudi wengi wakaanza kuulizana: kama kisu kilikuwa safi, mapafu laini, chumvi ya kutosha, lakini mufanyakazi alitendewa vibaya, tuseme nini juu ya nyama hiyo? Mabishano hayo hayajaisha. Mimi niliyaweka mbele ya mdogo wangu juu yeye njo angekuwa mufanyakazi.

5. Nilimwambia nini

Sikumwambia "enda" wala "usiende". Nilimupa maswali manne ya kumuuliza mwenye resto, kwa heshima, mbele ya kuweka saini.

Moja: setifika ni ya nani, na imeshatoka ao bado inangojewa? Resto yenye kufungua mulango kabla ya karatasi kutoka inapoteza wale wale walioingojea miaka, na hawarudi haraka.

Mbili: majuma ya Pasaka na siku zile tisa, wafanyakazi wanalipwa namna gani? Ku Marekani kazi za jikoni zinalipwa kwa saa. Resto ikifungwa, saa hakuna. Mushahara wenye unaonekana mukubwa kwa saa unaweza kuwa mudogo kwa mwaka. Tulihesabu pamoja kwa simu: akitoa siku za kufungwa, ile tofauti na depo ilikuwa karibu kuisha yote.

Tatu: orodha ya vyakula iko ndefu kiasi gani? Resto mupya yenye kutaka kuuza vitu 40 itatupa nyama. Yenye kuuza kifua, mbavu, kuku, soseji na mboga tatu inaweza kujua kila jioni ilipoteza nini.

Nne: mwenye resto ana akiba ya kodi ya miezi mingapi? Swali hilo ni gumu kuuliza, lakini kuna namna: uliza kama musimamizi na wachomaji wamepewa kontra ya miezi mingapi. Mutu hawezi kuahidi miezi kumi na mbili kama hana ya kulipa mitatu.

Tena nilimweleza kazi yenyewe ingekuwa namna gani. Jumamosi wakati wa kiangazi ku Dallas, Sabato inaisha saa tatu ya usiku imepita. Moto unawashwa hapo. Kifua cha saa 12 kinakuwa tayari Jumapili saa nne za asubuhi, na watu wanaanza kufika saa sita. Ni kusema usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili njo usiku mukubwa wa juma, na misa hataiona. Tena asibebe sombe yake na ndagala za mama kuingia nazo jikoni. Chakula cha kutoka inje hakiingii, na si kumudharau mutu. Alicheka hapo, akasema, "Yaya, sombe ya mama itakaa ndani ya gari."

Alienda akauliza. Juu ya setifika, aliambiwa musimamizi bado anasubiri jiko lipya lifike. Juu ya majuma ya kufungwa, mwenye resto alikiri hakuwa ameyapanga, akaomba siku chache, halafu akarudi na jibu: wachomaji wa usiku watalipwa nusu ya saa zao katika juma la Pasaka. Kwa hiyo mdogo wangu amekubali usiku wa Jumamosi peke yake, na depo anaishika katikati ya juma, mpaka resto ipitishe Pasaka yake ya kwanza. Kama itapita hapo ikiwa hai, ataangalia tena.

6. Na sisi?

Musiseme jambo hili halituhusu. Lubumbashi iko na sinagogi ya tangu wakati wa wakoloni, yenye ilijengwa na Wayahudi wengi wao waliotoka kisiwa cha Rhodes, na watu hao walipaswa kupata nyama yao hapa Katanga. Waislamu wetu wanauliza kila siku nani alichinja. Waadventista wanauliza mafuta ya kukaangia yalitoka wapi. Mama anayenunulia mtoto nyama anatafuta muhuri wa veterineri. Wote wanauliza swali moja: nani ameona kile mimi sikukiona?

Wengi kati yetu tunafikiri juu ya kufungua kitu cha chakula: maziwa ya kugandishwa, unga wa soya kwa watoto, samaki wa kukausha, nyama ya kuchoma. Tunaandika proje, tunaweka mtaji, soko, faida. Ukurasa wenye unakosekana ni ule wa mutu mwenye ana haki ya kutukataza. Koperative za kahawa pembeni ya ziwa Kivu zilielewa hilo: zenye kuuza kahawa ya bio zinakubali muchunguzi aingie shambani, afungue depo, aseme "hii hapana", na njo maana munyunuzi wa mbali anaongeza bei bila kuja kuona.

Musimamizi wa namna hiyo anagharimu. Anachelewesha kufungua, anakatalia siagi, anafunga Jumamosi. Ku Dallas wanamungojea hata jiko lake. Na kuko hatari ya wazi: akilipwa moja kwa moja na yule anayemuchunguza, siku moja ataogopa kusema hapana. Mashirika mazuri ya kasheri yanajaribu kuweka musimamizi awe mutu wa shirika, si wa resto. Hata hapo haijakamilika.

Basi ninaomba kitu kimoja kwa wale wenye proje za chakula katika chama chetu. Mbele ya mukutano unaokuja, ongezeni ukurasa mmoja: nani atachunguza, atakuja mara ngapi, atalipwa na nani, na siku akisema hapana mutapoteza franga ngapi. Wale wa veterineri na wa teknolojia ya chakula wenye hawana kazi, musome kurasa hizo vizuri, juu kazi yenu inaweza kuwa ndani yake. Mimi nitaleta ukurasa wa proje yetu ya samaki, na munaweza kuanza na huo kuukosoa.